UJUZI WA KUOSHA MAGARI UINGIE NA NYUMBANI

 

Katika madrasa yetu wamo vijana kadhaa ambao Jumamosi na Jumapili, na siku zote za likizo, huenda kuosha magari. Ni kazi ya halali na ina jasho lake. Gari linaingia limejaa tope la safari nzima, baada ya saa moja linatoka linameta mpaka mwenyewe analizunguka mara mbili kuhakikisha ni lake. Ila katika kikao cha wazazi kina mama walituambia jambo lililotushughulisha. Kijana huyo huyo anayesugua rimu kwa mswaki mpaka katikati ya nati, akirudi kwao hajui fagio limewekwa wapi. Akiambiwa apige deki hujibu kuwa hiyo ni kazi ya dada. Dada naye ametoka shule, ana kazi ya kuandika, ana vyombo vya mchana vinamsubiri, na ana juzuu ya kuhifadhi kama huyo kaka yake.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Hadithi hii iko katika Bukhari na vijana wetu wanaijua. Basi hapo hatuna haja ya kusema zaidi. Tuliyokusudia katika makala hii ni kuonyesha kwamba kijana aliyejifunza kuosha gari vizuri tayari anajua zaidi ya nusu ya kazi ya kusafisha nyumba, na pengine anajua vitu ambavyo hata sisi wakubwa hatukufundishwa.

Iko na sababu nyingine iliyotufanya tuandike. Vijana hawa huja nyumbani na dawa za kazini. Mmoja alileta dawa ya rimu ndani ya chupa ya soda ili amsaidie mama yake kung'arisha choo. Nia ilikuwa njema kabisa. Mdogo wake wa miaka mitatu aliiona ile chupa chini ya karo akaishika, na ni kwa fadhila za Allah tu kwamba kifuniko kilimshinda. Kwa hiyo wazazi wasome mpaka mwisho, hasa sehemu ya hatari, hata kama habari za polishi haziwahusu.

UTARATIBU KWANZA, DAWA BAADAYE

Watu wengi hudhani siri ya gari kung'aa ni dawa. Muulize fundi aliyekaa kwenye kazi hiyo muda mrefu, atakwambia siri ni mpangilio. Gari huoshwa kutoka juu kushuka chini: paa, vioo, milango, kisha matairi. Sababu ni nyepesi. Maji na uchafu huteremka. Ukianza chini utarudia chini.

Nyumbani tunafanya kinyume. Tunafagia sakafu, tunapiga deki, halafu mtu anakumbuka feni. Anapanda juu ya stuli, vumbi la miezi sita linaanguka kama majivu juu ya sakafu iliyokwisha kulowa, na kila kitu kinaanza upya huku watu wakilaumiana. Anza na utando wa buibui kwenye dari, fuata feni, fuata vioo vya luva na nyavu za mbu, kisha makabati na meza, mwisho sakafu. Kwa feni ya dari iko njia nzuri: chukua foronya ya zamani, vika pangaboi moja moja, bana kwa mikono miwili na uvute kuelekea kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya. Kabla ya hapo zima umeme wa feni, na umtoe mtoto chumbani asije akachezea swichi.

Jambo la pili ni mchanga. Muosha gari mwenye akili hagusi bodi kwa sponji kabla ya kulimwagia maji mengi, kwa kuwa chembe za mchanga zikibaki chini ya sponji zinachora rangi. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona kwenye gari jeusi likiwa juani imechorwa na wanaoosha, si na barabara. Nyumbani ni vile vile: meza ya vioo, runinga, kabati la vanishi na friji huharibiwa na tambara kavu linaloburuza mchanga. Toa vumbi kwanza kwa brashi laini au kwa kupuliza, ndipo upanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Na hapa pwani mchanga hatuutafuti, unaingia wenyewe.

Jambo la tatu ni ndoo mbili, na hili tungependa kila nyumba ilichukue hata kama haitachukua jingine lolote. Waosha magari wazuri huwa na ndoo ya sabuni na ndoo ya maji matupu. Kitambaa kinachovya kwenye sabuni, kinaosha, kinasuuzwa kwenye maji matupu na kukamuliwa, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Hivyo sabuni inabaki safi na uchafu unakusanyika ndoo ya pili, ambayo ndiyo inayomwagwa mara kwa mara. Sasa tazama deki zetu. Ndoo ni moja, tambara ni moja. Chumba cha kwanza kinasafishwa, cha pili kinapakwa maji ya chumba cha kwanza, na ukumbini tunapaka tope la nyumba nzima, kisha tunashangaa kwa nini sakafu ikikauka ina utelezi na alama za miguu.

Wiki ya mwisho ya Shaabani tuliwakabidhi vijana hao madrasa yote: vyumba vitatu, baraza na vyoo. Walianza baada ya sala ya alfajiri na adhuhuri ikawakuta wamemaliza. Kilichotushangaza ni uchache wa maji. Maji ya deki hayakuzidi ndoo sita za lita 20, maana kitambaa chao kilikuwa kinakamuliwa na si kumwagisha. Katika mji ambao pipa la maji linanunuliwa, hilo si dogo, na israfu ya maji tunaifundisha darasani kila mwaka katika mlango wa udhu.

VITAMBAA NA VIOO

Taulo za maikrofaiba, ambazo vijana hununua kwa kazi ya magari, ni za nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele wa binadamu, na nyuzi zenyewe zimepasuliwa. Ndiyo maana zinanasa vumbi badala ya kulisukuma kutoka upande huu kwenda upande ule. Ikunje taulo mara mbili utapata nyuso nane za kufanyia kazi, ukichafua moja unageuza nyingine. Zifuliwe peke yake, kwani zikichanganywa na pamba zinabeba nyuzi zake, na zisitiwe dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba zile nyuzi. Tenga rangi: kwa mfano buluu ya vioo, kijani ya jikoni, nyekundu ya choo. Wala taulo iliyofuta rimu isirudi kamwe kufuta meza ya kulia, hata ikifuliwa. Vumbi la breki lina chembe za chuma zinazojificha ndani ya nyuzi.

Ukikosa taulo hizo, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa inatosha. Hatutaki mtu aende kukopa ili asafishe nyumba.

Kwenye vioo kuna ujanja mmoja tuliojifunza kwa vijana wetu wenyewe. Ndani ya kioo futa kwa kwenda kushoto na kulia, nje ya kioo futa kwa kwenda juu na chini. Ukiona mstari umebaki, mwelekeo wake utakwambia uko upande gani, usihangaike kuzunguka nyumba mara tano. Usifute kioo kikiwa kinapigwa na jua, maji yatakauka kabla hujayapangusa na kuacha michirizi. Luva toa kipande kimoja kimoja kama fremu inaruhusu, na uvae glavu kwa sababu kingo za luva za zamani hukata kama wembe.

Yale madoa meupe kwenye vioo vya bafu, bomba na vigae si uchafu wa kawaida. Ni chumvi na chokaa vya maji ya kisima, ambavyo hubaki pale maji yanapokauka. Sabuni haiyatoi. Kwenye gari huondolewa kwa dawa yenye asidi hafifu, na nyumbani siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inafanya kazi hiyo hiyo. Paka, acha dakika chache, sugua taratibu, suuza, kisha kausha. Ndimu pia inafaa. Na kama hutaki madoa yarudi, fanya kama wafanyavyo kwenye gari: usiache maji yakauke yenyewe, yapanguse.

Lakini hapa pana tahadhari. Sisi huku vigae vyote tunaviita marumaru, hata vile vya udongo wa kuchomwa. Vigae vya udongo havidhuriki na siki. Marumaru ya kweli, na sakafu ya terazo ambayo ndani yake mna vipande vya marumaru, ni jamii ya chokaa, na asidi inaila. Doa la ndimu kwenye terazo halitoki kwa kuoshwa, ni sehemu iliyokwisha kuliwa mng'ao wake. Usipokuwa na hakika, dondosha tone moja la siki pembeni mahali pasipoonekana, chini ya kabati kwa mfano. Likitoa vipovu, siki na dawa zote za asidi zisiguse sakafu hiyo.

DAWA ZIPI ZINAFAA NA ZIPI HAZIFAI

Shampuu ya gari imetengenezwa isile rangi wala nta. Ni sabuni ya upole, haina ukali wa asidi wala wa magadi. Inafaa sana kwa milango iliyopakwa rangi, friji, viti vya plastiki, makabati na kuta za rangi ya mafuta. Kwa sababu ya upole huo, usitegemee itaondoa mafuta yaliyoganda jikoni. Pale panahitaji kitu cha kimagadi. Dawa ya matumizi yote ambayo vijana husafishia milango na viti vya gari inaweza kazi hiyo, ikizimuliwa kama chupa inavyoelekeza. Kuna inayoagiza sehemu moja ya dawa kwa sehemu kumi za maji, na wengi wetu tunaimwaga kavu kavu tukidhani ndiyo itasafisha zaidi. Inachosafisha zaidi ni rangi ya ukuta. Magadi soda ya dukani katika maji ya moto nayo inakata mafuta ya ukuta wa jikoni kwa bei ndogo sana, na bibi zetu walilijua hilo kabla ya gari la kwanza kuoshwa mtaani kwetu.

Dawa ya kuondoa mafuta ya injini ni kali mno kwa ndani ya nyumba. Hasa isiguse sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na dawa yenye ukali wa magadi huila alumini na kuifanya nyeusi. Tena tuweke kanuni moja: chochote kinachogusa chakula, yaani sufuria, sahani, vijiko, mbao za kukatia, meza ya kusukumia chapati, na sehemu ya ndani ya friji, kisiguswe na dawa yoyote ya gari. Sabuni ya vyombo ipo.

Nta ya gari ina matumizi mazuri ambayo wengi hawayafikirii. Paka kidogo sana kwenye bomba la maji, karo la chuma, mlango wa friji kwa nje, na geti la chuma lililopakwa rangi. Iache ikauke kidogo, ipanguse. Maji yatajikunja kuwa matone na kuteleza badala ya kukauka pale, na geti litachelewa kushika chumvi ya upepo wa bahari. Usipake juu ya jiko, inaungua na kunuka. Usipake kwenye mbao mbichi. Na usipake sakafuni kabisa.

Hapa tuseme juu ya ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi. Nyingi zina silikoni. Zikipakwa kwenye vigae au ngazi, sakafu inakuwa kama barafu, na mafuta yake hayaondoki kwa deki moja. Kijana anafurahi kuona sakafu inameta, bibi anaamka usiku kwenda kutawadha na kuteleza. Mtu mzima akivunjika nyonga ni mtihani mkubwa kwa nyumba nzima. Vile vile isipakwe kwenye viti vya plastiki siku ya Idi. Tumewaona waliokaa na kanzu nyeupe wakaondoka na ramani nyuma.

Polishi ya kung'arishia kromu za gari inafaa kwa shaba za mlango, vishikizo na mabuli ya shaba ya mapambo. Kwenye milango ya nakshi yenye misumari ya shaba, kata karatasi ngumu yenye tundu la ukubwa wa msumari, ivike, ndipo usugue, polishi isiingie kwenye mbao na kuacha weupe ndani ya nakshi.

MAZULIA, MAKOCHI NA SUALA LA TAHARA

Viti vya gari na makochi ni ndugu. Kinachofanywa kwenye gari ndicho kifanywe sebuleni: fyonza au kung'uta vumbi kwanza, jaribu dawa mahali pa kujificha uone kama rangi inatoka, tumia povu jingi na maji machache, sugua kwa brashi laini, pangusa kwa taulo, kisha acha hewa ipite. Kochi lililolowa ndani likifungiwa chumbani litaota ukungu. Doa bichi la chai au mchuzi lisisuguliwe. Likandamizwe kwa kitambaa kikavu linyonywe, ukianzia pembeni kuja katikati. Mikeka ya ukindu isilowekwe. Ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana na uianike kivulini.

Misahafu na vitabu vya madrasa havihitaji dawa yoyote. Brashi laini mpya, kama ile wanayotolea vumbi kwenye matundu ya hewa ya gari, inatosha, lakini iwe imetengwa kwa kazi hiyo tu na anayeishika misahafu awe na udhu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mafundi wa magari hawalifundishi, nasi tunalazimika kulieleza. Nadhafa na tahara si kitu kimoja. Zulia linaweza kunukia na kung'aa na likawa bado na najisi. Mtoto akikojoa juu ya zulia, mwenye ujuzi wa gari atapiga povu, atasugua, atapangusa kwa taulo, na harufu itakwisha. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii (R.A.), ambayo wengi wetu hapa pwani tunaifuata, kazi haijaisha. Kwanza iondolewe aini ya najisi: mkojo unyonywe kwa kitambaa kikavu mpaka unyevu wake utoke. Kisha pamiminiwe maji, yapafunike mahali pale na kupazidi. Hapo hukumbuka kisa cha bedui aliyekojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) akawakataza masahaba kumkatiza, kisha akaamuru pamwagwe ndoo ya maji.

Maji ya mwisho lazima yawe maji matupu. Maji ya povu yamekwisha kubadilika, hayaitwi tena maji kwa ujumla wake, kwa hiyo yanasafisha lakini hayatwaharishi. Povu lije kwanza ukitaka, maji matupu yaje baadaye.

Na hapa ile kanuni yetu ya ndoo mbili tuliyoisifu inageuka. Ukichovya kitambaa chenye mkojo ndani ya ndoo, ndoo yote inanajisika, kwa sababu ni maji machache. Yaliyofikia kulla mbili, ambazo hukadiriwa kuwa karibu lita 200, ndiyo hayanajisiki ila yakibadilika rangi, tamu au harufu. Ndoo yetu ya lita 20 haifiki hata karibu. Ukiendelea na tambara hilo utaitandaza najisi nyumba nzima kwa juhudi na nia njema. Kwa hiyo penye najisi tunamimina, hatuchovyi. Zile mashine za kuosha viti ambazo hunyunyiza maji na kuyafyonza hapo hapo zinafaa sana kwa kazi hii, mradi mmiminio wa mwisho uwe wa maji matupu na uenee pahala pote.

Mtoto wa kiume asiyefika miaka miwili ambaye hajala chochote ila maziwa, mkojo wake unatosha kunyunyiziwa maji mpaka yaenee. Wa kike huoshwa. Wanaofuata madhehebu nyingine wamuulize sheikh wao.

MAMBO YA HATARI

Wazazi, hapa ndipo tulipowaomba mfike.

Jik na asidi havikutani. Dawa ya kung'arishia nguo ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi, dawa ya rimu, au hata siki, hutoka gesi ya klorini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye kile kibafu kidogo ambamo mtu ameinama anasugua. Ndiyo gesi ile ile iliyofunguliwa dhidi ya askari karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu huchanganya wakidhani mbili kali zikiungana zitakuwa kali zaidi kwa uchafu. Jik na dawa za vioo zenye amonia nazo hutoa gesi yenye madhara. Tumia moja, suuza kwa maji mengi. Ukisikia harufu inayokaba koo, acha kila kitu, toka nje, fungua milango.

Dawa ya rimu isivuke kizingiti cha nyumba. Baadhi yake zina asidi ya hidrofloriki au jamii yake. Hiyo hula kioo na mng'ao wa vigae, na kwa binadamu ni mbaya kuliko inavyoonekana: ikigusa ngozi inaweza isiume kwa saa kadhaa, huku inapenya ndani na kuivuruga kalsiamu ya mwili. Vijana wanaoishika kazini bila glavu kwa kuwa haiumi wajue hivyo. Ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa, miminia maji ya bomba papo hapo bila kukatisha kwa robo saa, kisha nenda hospitali na chupa yenyewe hata kama huoni jeraha.

Petroli hutumika kwenye magari kutoa lami. Ndani ya nyumba isitumike kutoa gundi wala rangi sakafuni. Mvuke wake hauonekani, ni mzito, hutambaa chini ya mlango mpaka ukutane na jiko la mkaa chumba cha pili, na moto hurudi kwa njia ile ile.

Chupa za soda na za maji ni za kunywea. Mtoto hasomi, anatambua umbo na rangi. Dawa ibaki ndani ya chombo chake chenye maandishi, mahali pa juu panapofungwa. Mtoto akinywa dawa, mafuta ya taa au petroli, msimtapishe. Kinachopanda tena huunguza koo mara ya pili au huingia mapafuni. Kumlazimisha maziwa au mafuta ya kula ni kumtapisha kwa njia nyingine. Mfuteni mdomo, mchukueni hospitali mara moja pamoja na chupa ili daktari ajue alichokunywa.

MASHINE YA PRESHA

Vijana wanaipenda kuliko kitu chochote. Kwa sakafu ya zege ya uani, ukuta wa matofali ya simenti na viti vya plastiki, inaokoa muda. Isielekezwe kwenye luva, soketi za umeme, madirisha ya mbao wala kwa mwenzio kwa mzaha, kwani maji yake yanaweza kupasua ngozi.

Wenye jamaa katika nyumba za zamani za mawe, kama za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, wasiiruhusu kabisa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu yake ni laini kwa makusudi, ukuta uweze kupumua unyevu. Presha inaichubua siku moja, maji yanaingia ndani ya ukuta, na mwenye nyumba akiziba kwa simenti unyevu unafungiwa humo. Brashi laini na maji kidogo vinatosha.

Kuhusu maji machafu yanayobaki mwisho wa kazi, yale ya sabuni yamwagwe chooni au kwenye shimo la maji machafu, si kwenye mtaro wa mvua unaoteremka baharini, wala kwenye mchicha wa jirani. Vitambaa vifuliwe siku hiyo hiyo na kuanikwa. Ndoo zigeuzwe chini juu zikauke, kwa maana ndoo yenye maji ya siku nane huwa imekwisha kutoa mbu.